Kununua na Kuishi na Subaru Impreza WRX ya Zamani Nairobi: Hatua kwa Hatua

Mwezi huu pekee vijana watatu wamenipigia simu na swali lile lile: "Mkubwa, nimepata WRX safi, mwenyewe anataka pesa kabla ya Jumapili. Nichukue?" Nami nikawauliza wote: umeisikia injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi? Hakuna aliyekuwa ameisikia. Ndiyo maana nimeketi kuandika haya yote mahali pamoja, ili atakayeuliza kesho aanzie hapa.

Nazungumzia hasa Impreza za turbo, yaani WRX na ndugu yake mwenye nguvu zaidi STI, zilizotengenezwa kati ya 1992 na 2007. Nimekaa na moja, WRX ya 2003 ya umbo linaloitwa GDA, miaka tisa sasa, na nimeipenda kila siku ya miaka hiyo, hata siku zilizoniumiza. Mengi ya hapa yanafaa pia kwa Forester turbo ya SG5 na Legacy GT ya BP5, kwa sababu injini zao ni za ukoo mmoja.

Elewa jambo moja kwanza. Gari hili huwezi kuliagiza Japani leo. Kanuni ya KS 1515, kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, hairuhusu gari la mtumba lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo kila Impreza ya umri huu unayoiona ikiuzwa hapa imekula barabara zetu karibu miaka kumi au zaidi, na imepita mikononi mwa watu watatu, wanne, pengine sita. Habari ya kwamba Mjapani aliitunza haikusaidii tena. Unachonunua ni matendo ya wenye gari wa Nairobi: nani alibadilisha oili kwa wakati, nani aliongeza presha ya turbo bila kupima, nani aliliuza baada ya kusikia mlio asiotaka kuulipia.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Pesa, na uzigawe mafungu matatu: bei ya gari, stakabadhi na bima, na akiba ya matengenezo. Fungu la tatu lisipungue theluthi moja ya bei ya gari. Ukiwa na pesa za kununua tu, subiri. Nimeona WRX nyingi zikifa mikononi mwa watu waliomaliza senti yao ya mwisho siku ya kununua.

Fundi wako mwenyewe, anayejua injini ya boksa, ile ya Subaru ambayo silinda zake zimelala ubavuni. Asiwe rafiki wa muuzaji, wala asiwe fundi wa Toyota aliyewahi kufungua Subaru mbili. Muulize amefungua EJ20, yaani injini ya magari haya, ngapi, na mwombe akuonyeshe moja aliyonayo mezani.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Baadhi ya Impreza za Japani za miaka hiyo hazizungumzi na vile vifaa vidogo vya bei rahisi, kwa hivyo hakikisha ya fundi inasoma Subaru.

Tochi, kitambaa cheupe cha pamba, sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa isikwaruze rangi, futi ya fundi cherehani, na daftari. Akaunti yako ya eCitizen na PIN ya KRA ziwe tayari.

Mwisho, njia nyingine ya kufika kazini. Gari la umri huu litalala gereji, wakati mwingine wiki nzima likisubiri spea moja. Kama ndilo litakalokupeleka kazini kila siku bila mbadala, utaanza kulilazimisha litembee likiwa gonjwa.

Hatua ya 1: Chagua umbo, kisha ujifunze namba zake

GC8 ndiyo ya kwanza, 1992 hadi 2000. Ni nyepesi na nzuri mno, na ndilo umbo la Impreza ambayo Patrick Njiru aliiendesha Safari Rally. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda ya 2000. Baba zetu walisimama kando ya barabara za vumbi wakaziona zikipita, na mapenzi haya yalianzia hapo. Lakini GC8 isiyo na kutu na isiyochezewa imekuwa adimu, na mwenye nayo anajua.

GD ilitoka 2000 ikaenda hadi 2007, ikibadilisha sura mara mbili: macho ya mviringo, kisha ya 2002, kisha ya 2005. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni GDA, yaani WRX ya kawaida yenye gia tano za mkono. Spea zake zinapatikana, na bei yake haijapanda kama ya STI.

Hapa ndipo watu wengi wanapotapeliwa. Beji ya rangi ya waridi inauzwa popote, na bawa kubwa la nyuma pia. Fungua boneti usome kibati cha modeli. Saluni ya GD ikiwa STI ya kweli itaandikwa GDB, na WRX itaandikwa GDA. Wagoni ni GGB na GGA. GDB ina giaboksi ya gia sita. Kibati kikisema GDA huku bei ikisema STI, msiendelee kuzungumza. Kwa GC8, namba hiyo moja ilitumika kwa WRX na STI pia, kwa hivyo fundi asome namba nzima hadi herufi za mwisho.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu anaikataa STI halisi kwa sababu haina ule mngurumo wa kukatakata unaojulikana mtaani. Mngurumo ule unatokana na mabomba ya ekzosti yenye urefu usiolingana. STI za Japani kuanzia mwishoni mwa 2002 zilipewa turbo ya mikondo miwili na mabomba yanayolingana, ndiyo maana sauti yake ni laini. Usimdhulumu muuzaji mkweli kwa hilo.

Hatua ya 2: Chunguza karatasi kabla hujaenda kuona gari

Omba namba ya usajili, kisha uvute rekodi ya gari kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka inayosajili magari. Angalia jina la mmiliki, na kama kuna benki au kampuni ya mikopo iliyoandikwa pamoja naye. Ikiwa ipo, mkopo haujafutwa, na muuzaji hana uwezo wa kukuhamishia gari peke yake.

Andika namba ya chasisi na ya injini, uende nazo. Nyingi ya Impreza hizi zimebadilishwa injini, zikawekwa za eksi-Japani, yaani za mtumba kutoka Japani. Hilo si kosa lenyewe. Injini nzuri iliyobadilishwa kwa haki ni bora kuliko ya asili iliyochoka. Kosa ni pale mabadiliko hayakuandikishwa NTSA. Namba ya injini imepigwa muhuri juu ya bloku, upande wa nyuma karibu na giaboksi. Ifute kwa kitambaa uisome kwa tochi. Isipolingana na rekodi, muuzaji arekebishe kwanza, kwa gharama yake, kabla hujalipa chochote.

Hatua ya 3: Likute gari likiwa baridi

Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na nitaikalia.

Panga kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na umwambie muuzaji jana yake asiliwashe. Ukifika, kabla ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya boneti. Mwaka mmoja nilimsindikiza binamu yangu Ruiru kuona GDA ya buluu. Umande ulikuwa umetanda juu ya paa na vioo vyote, lakini boneti ilikuwa kavu na vuguvugu. Muuzaji alisema alikuwa ameisogeza kidogo kutoka kivulini. Tulikunywa chai yake, tukamshukuru, tukarudi siku mbili baadaye bila kumwambia saa. Ilipowashwa ikiwa baridi kweli, iligonga kama mtu anayepiga mlango kwa kifundo cha kidole. Binamu yangu hakuinunua.

Kabla ya kuwasha, vuta kijiti cha kupimia oili, upanguse kwenye kitambaa cheupe. Oili nyeusi inaweza kusameheka. Oili yenye vumbi la kumetameta kama shaba haisameheki: hiyo ni beringi za krenkishafti zinaliwa. Fungua kifuniko cha oili. Utando kama maziwa mazito unaweza kuwa ni unyevu wa safari fupi fupi, au ni maji yanaingia kwenye oili. Fungua rejeta injini ikiwa bado baridi, uangalie kama maji yana rangi safi ya kulanti (dawa ya kupoza injini) au ni kutu tupu. Maji ya bomba kwenye rejeta yanakueleza mwenye gari alikuwa mtu wa namna gani.

Sasa liwashwe, nawe usimame mbele, kando ya bampa. Mlio mwepesi wa pistoni, tak-tak-tak, unaopotea injini ikipata joto, ni kawaida kwa nyingi za injini hizi. Mlio mzito unaotoka chini, unaozidi ukikanyaga mafuta na usiopotea na joto, ni rodi, ule mkono wa pistoni, inagonga. Ondoka.

Kisha angalia moshi. Wa buluu ni oili inaungua. Mweupe mzito wenye harufu tamu ni kulanti. Mweusi ni petroli nyingi. Mvuke mwembamba wa asubuhi yenye baridi si kitu.

Acha injini ingurume dakika ishirini, kisha uangalie chupa ya akiba ya maji. Mapovu yanayopanda bila kukoma maana yake gesi ya silinda inapenya gasketi ya silinda hedi.

Wakati inanguruma, pitisha ile sumaku kwenye milango, mabawa na kingo za chini. Isiposhika, pana putti, ile lipu ya kuziba bati lililobonyea. Gari la mbio lililogongwa likapakwa putti halitakwenda sawa kwa mwendo wa kasi.

Hatua ya 4: Pima kompresheni

Muuzaji akikataa, basi amekujibu. Plagi za boksa zinaingia kutoka ubavuni na nafasi ni finyu, kwa hivyo fundi atahitaji saa moja au zaidi. Mlipe bila kunung'unika.

Onyo kwa Nairobi: usilinganishe matokeo na namba za kitabu. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Silinda inameza hewa kidogo, kwa hivyo kipimo kitasoma chini hata kwa injini nzima kabisa. Linganisha silinda zenyewe kwa zenyewe. Zote nne zikiwa karibu, vizuri. Moja ikipungukiwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna pistoni, ringi au valvu inayoumwa. Nimeona injini nzuri ikikataliwa kwa kutojua hili, na mbovu ikinunuliwa kwa sababu namba moja kati ya nne ilipendeza.

Hatua ya 5: Liendeshe

Anza kwenye uwanja mtupu wa kuegesha. Kata usukani hadi mwisho, uzunguke polepole sana. Gari likishtuka na kujikokota kana kwamba breki imeshikwa, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imekwisha, au tairi hazilingani.

Barabarani, ingiza gia ya pili kwa haraka ya kawaida na usikilize kama inakwaruza. Ukipanda mlima ukiwa gia ya nne, kanyaga: mzunguko ukipanda ilhali mwendo haupandi, klachi inateleza. Gia tano za WRX haziko imara sana, na mtu aliyezoea kuondoka kwenye taa kwa kishindo amekwisha kuziumiza. Pita kwenye matuta machache usikilize bushi na shoki. Kisha shika breki kwa nguvu ukiwa kwenye barabara salama, usukani usitetemeke.

Huhitaji mwendo wa kasi kujua hali ya turbo. Gia ya tatu, mzunguko elfu tatu, kanyaga taratibu: nguvu ipande kwa mfululizo, bila kukatika na bila sauti ya king'ora.

Hatua ya 6: Lipa kwa utaratibu

Lipia benki ili pabaki ushahidi. Uhamisho wa umiliki uanzishwe na muuzaji kwenye akaunti yake, nawe uukubali kwenye yako mkiwa mmeketi pamoja. Usikubali kupewa karatasi zilizotiwa sahihi na mwenyewe wa zamani ambaye haonekani. Gari likipatikana na kesi, au yule mtu akifariki, utazunguka ofisi hadi uchoke.

Bima uiulizie kabla ya kulipa gari. Kampuni kadhaa hazitoi bima kubwa kwa gari lililopita umri fulani, na nyingine husita zikisikia turbo na marekebisho. Taja kila kilichobadilishwa. Ukificha, siku ya ajali ndiyo watakayoitumia kukukatalia.

Hatua ya 7: Mwezi wa kwanza, usiongeze chochote

Najua kifua kinakuwasha. Ngoja. Mwezi wa kwanza ni wa kulirudisha gari kwenye hali unayoijua wewe.

Badilisha oili na filta, kulanti yote, oili ya giaboksi na difu, maji ya breki, plagi, filta ya petroli, na mipira yote ya maji iliyokauka. Kwenye oili ya injini, wengi wetu hapa tunatumia 5W-40 ya sinthetiki na kubadilisha kila kilomita 5,000. Nunua duka linalokupa risiti, na uangalie kizibo hakijafunguliwa. Oili bandia ipo mjini, na beringi za EJ20 hazivumilii oili hafifu.

Kisha mshipi wa taimingi, hata muuzaji akiapa ameubadilisha juzi. Kwenye injini hizi za turbo, mshipi ukikatika pistoni zinagonga valvu. Badilisha seti nzima: mshipi, tenshona, roda zake zote na pampu ya maji. Nasema hivi kwa uchungu. Gereji moja niliyoiamini ilinibadilishia mshipi ikaacha tenshona ya zamani, bila kuniambia. Miezi minne baadaye, nikipanda kuelekea Rironi mvua ikinyesha, injini ilinyamaza ghafla. Usukani ukawa mzito, taa zote za dashibodi zikawaka, na nikasikia vipangusio tu vikikwaruza kioo. Valvu kumi zilikuwa zimepinda. Tangu siku hiyo nadai spea za zamani niwekewe kwenye mfuko, nizihesabu mwenyewe.

Tairi nazo: nne, aina moja, zilizochakaa sawa. Hapa Nairobi tumezoea kununua mbili mpya na kuacha mbili kuukuu. Kwa Impreza hiyo ni kuua difu ya katikati, kwa sababu magurudumu yote manne yanavutwa pamoja muda wote. Zungushia futi kila tairi. Tofauti ya mzingo isizidi milimita 6.

Hatua ya 8: Kuboresha, kwa mpangilio huu

Kwanza breki: pedi nzuri, diski zilizonyooka, mipira mipya. Pili, baridi: rejeta safi, themostati halisi, feni zinazofanya kazi zote mbili. Tatu, saspensheni: bushi mpya na shoki nzima. Usikate springi. Gari lililolala chini linapendeza kwenye picha, lakini matuta ya mitaa yetu yatalipasua ekzosti na kikombe cha oili, na kikombe kilichobonyea kinaweza kuinyima injini oili.

Ukinunua rimu, jua kwamba WRX ina boliti tano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, lakini STI za kuanzia 2005 zina milimita 114.3. Pima kabla ya kulipa.

Nne, mita za kupimia: presha ya oili, joto la oili, na uwiano wa hewa na petroli. Mita hizi hazikuongezei nguvu hata kidogo. Zitakuambia tu injini inaumwa kabla haijafa, na kwangu zina thamani kuliko bomba lolote la kung'aa.

Tano, baada ya hayo yote, nguvu. Injini hizi zilitengenezewa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na oktani 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Nayo turbo, kwa sababu ya hewa nyepesi ya Nairobi, inabidi izunguke kwa kasi zaidi ili ijaze silinda vile vile, na hewa inayotoka humo ni ya moto zaidi. Intakula ya Impreza, yaani kipozi cha hewa ya turbo, imekaa juu ya injini. Ukikwama kwenye msongamano Mombasa Road nusu saa, inapikwa. Jumlisha petroli dhaifu, hewa ya moto na presha iliyoongezwa, na petroli inalipuka kwa wakati usiofaa. Pistoni zinapasuka kwenye kuta za ringi, beringi zinapondeka.

Kwa hivyo usifunge kidhibiti cha kuongeza presha bila kutyuniwa upya, yaani kompyuta ya injini kupangwa upya. Usifunge ekzosti wazi toka turbo hadi nyuma bila kutyuniwa upya. Mtyunaji wako apime uwiano wa hewa na asikilize mlipuko akitumia petroli ile utakayotia kila siku. Akikuambia atakuwekea faili alilolitoa kwenye gari la mwingine, mshukuru uende zako.

Ile valvu inayotoa sauti ya "psssh" nje, iache. Sensa imekwisha kuihesabu ile hewa na kompyuta ikaipangia petroli; ukiitupa nje, mchanganyiko unaharibika kila ukibadilisha gia. Na ile milipuko ya kutisha kwenye ekzosti inachoma turbo na valvu, inaamsha watoto wa jirani, na kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, za 2009 zinaihusu.

Hatua ya 9: Kuishi nalo

Asubuhi, liwashe, subiri nusu dakika, uondoke polepole. Mshale wa joto unaonyesha maji, na oili inachelewa kupata joto kuliko maji, kwa hivyo usikanyage dakika kumi za kwanza. Ukitoka mwendo mzito, endesha kwa upole kilomita mbili za mwisho, au liache lingurume dakika moja kabla ya kuzima, turbo ipoe.

Pima oili kila ukijaza tangi mara ya pili. Injini hizi hubeba lita nne na kitu tu, na kutoka alama ya juu hadi ya chini ni kama lita moja. Ukipoteza hiyo, kona moja ndefu inatosha kuvuta hewa badala ya oili.

Chagua kituo kimoja cha petroli chenye wateja wengi, utie daraja la juu wanalouza.

Chora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa, ufunge vifaa viwili tofauti vya kufuatilia gari, kimoja kikiwa kimefichwa mahali fundi mmoja tu anapajua. Usiegeshe barabarani usiku.

Ukitaka kulikimbiza, mahali pako si Thika Road usiku wa manane. Mjini mwendo ni 50, na kuna watu wanaovuka pale Githurai wakitoka kazini. Fuatilia mashindano ya autokrosi ya vilabu vilivyo chini ya KMSF, shirikisho la mbio za magari Kenya, uombe kushiriki. Saa moja pale itakufundisha gari lako kuliko mwaka mzima wa barabarani.

Likikusumbua

*Joto linapanda ukisimama, linashuka ukienda.* Anza na feni na fyuzi zake, kisha rejeta iliyoziba. Baada ya kubadilisha kulanti, hewa hukwama ndani ya boksa. Jaza polepole gari likiwa limeinuliwa mbele.

*Joto linapanda ukienda kasi, na chupa ya akiba inafurika.* Gasketi ya silinda hedi. Simama. Usitie maji baridi kwenye injini ya moto.

*Taa ya injini imewaka, nguvu imekwisha.* Kabla ya kununua sensa yoyote, kagua mipira midogo ya vakyumu na ile mikubwa ya intakula. Mara nyingi ni mpira uliopasuka au klipu iliyolegea. Kisha safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu.

*Harufu ya oili inayoungua ukisimama kwenye taa.* Gasketi za vifuniko vya valvu zinavuja juu ya ekzosti. Zibadilishe pamoja na zile za mashimo ya plagi.

*Moshi wa buluu baada ya kunguruma muda mrefu.* Mara nyingi ni sili za turbo. Kagua na paipu inayorudisha oili kama imeziba.

*Gari linajikokota kwenye kona za polepole.* Pima tairi kwanza kwa futi. Zikilingana, ni difu ya katikati.

*Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, au taa ya oili imewaka.* Zima hapo hapo, hata kama umebakiza kilomita tano ufike nyumbani. Ita lori la kukokota. Ukizima mapema, huenda bloku ikaokolewa. Ukiendelea, rodi itaitoboa, na kesho utakuwa Kirinyaga Road, mtaa wa spea, ukitafuta injini nyingine.